Skrini ya Wageni

Jumanne, 8 Aprili

Elkana fundi ndiye aliyenitia katika kazi hii ya kuandika. "Kila siku, Eddah, andika vile umeona na ni saa ngapi. Bila hivyo tutazunguka tu." Haya, naandika. Nimechukua daftari la oda nikaligeuza nyuma mbele, na kama Elkana atalisoma, basi asome na hili: amekuja mara tatu, amekunywa chai mara tatu, na hakuna kilichotengenea.

Tatizo ni hili. Duka letu la leso, au kanga kama wasemavyo wengine, hapa Mtopanga lina kompyuta moja na skrini mbili. Moja inanitazama mimi nyuma ya kaunta, hapo ndipo ninapochora leso. Ya pili imewageukia wageni walioketi kwenye benchi, ili mtu achague leso kwenye tovuti yetu bila kunipandia begani. Kompyuta ni moja, tovuti ni moja, leso ni zile zile. Kwangu ukurasa ni mweupe na leso zimejipanga nne nne, kila moja na namba yake. Kwa wageni ukurasa una rangi ya chai ya maziwa, leso inatokea moja peke yake, kubwa kama shuka, na namba imezama chini haionekani. Mteja akiuliza "Hii ni namba ngapi?" lazima niinuke, nizunguke kaunta, nichungulie. Leo nimezunguka mara kumi na moja.

Bi Mwanatabu mwenye duka anasema skrini haina neno. "Mwanangu, kitu hichi ni kipya." Kipya cha miaka mitatu! Hata nailoni yake ya dukani hajakubali ibanduliwe, na ole wako uiguse na kitambaa. Kinapitishwa kifagio cha manyoya tu, na anakipitisha mwenyewe.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Umeme umepotea saa nne, ukarudi saa tisa. Katikati hapo skrini zote mbili zilikuwa sawasawa kabisa.

Ijumaa, 11 Aprili

Elkana kaja asubuhi kabla hatujafunga kwa sala. Kabadilisha waya: wa kwangu kaupeleka kwa wageni, wa wageni kauleta kwangu. Kwangu bado nyeupe, kwao bado chai. Kapiga chafya saba. Huyu mtu wa bara kila akiingia dukani ni chafya, ati hewa ya pwani haimpendi. Akiwa anafuta pua akasema, "Si waya." Kwa hilo tu amekunywa vikombe viwili.

Jumatatu, 14 Aprili

Alhamdulillahi, kama anavyosema Bi Mwanatabu. Nusu ya tatizo imekwisha. Elkana amegundua kuwa kwenye skrini ya wageni ukurasa ulikuwa umekuzwa mpaka asilimia mia mbili. Ameurudisha mia moja, na leso zikajipanga nne nne na namba zake. Nilimuuliza nani aliyeukuza. Akajikuna kisogo, akasema kompyuta huwa zinajifanyia mambo.

Rangi bado ni chai.

Jumanne, 15 Aprili

Saa mbili asubuhi nimewasha. Mia mbili! Leso moja, kubwa kama shuka. Nimerudisha.

Jumatano, 16 Aprili

Mia mbili. Nimerudisha. Nimeisema kompyuta maneno ambayo mamangu hakunifunza. Bi Mwanatabu alikuwa amesimama mlangoni, akatazama pembeni.

Alhamisi, 17 Aprili

Leo lazima niandike kwa urefu.

Bi Mwanatabu ana mdogo wake anayekaa Likoni, Bi Ummi. Tumbo moja, na kwa miaka sita hawajavukiana kizingiti. Wakikutana msibani wanaamkiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya feri. Mgogoro wenyewe ni chetezo. Mama yao alipofariki aliacha chetezo cha shaba cha kufukizia udi. Bi Ummi anasema aliahidiwa yeye, Bi Mwanatabu anasema mama alimkabidhi mkononi. Basi. Miaka sita kwa ajili ya kitu kisichofika hata goti! Chetezo chenyewe kiko hapa dukani, kwenye kijibao chini ya skrini ya wageni, na kila asubuhi kinatiwa makaa na udi ili duka liwe na baraka. Mvua hizi leso zinavunda, kwa hiyo anafukiza na alasiri pia.

Wiki iliyopita Bi Ummi alipiga simu, mwenyewe. Binti yake Nadira anaolewa mwezi wa sita, anataka leso za sare doti sitini, na anataka zitoke kwa dada yake. Bi Mwanatabu alipokata simu alikaa chini akasahau chai mpaka ikaganda utando.

Leo asubuhi akaniita.

"Eddah!"

"Abee."

"Ndoo hapa. Leo Ummi akisema mchana ni usiku, wewe washa taa. Usimkate kauli. Nimemngoja miaka sita, sitaki mtu aniharibie."

Bi Ummi akafika saa tano, buibui limelowa mpaka magotini. "Asalaam aleikum." "Waaleikum salaam, Ummi. Karibu ndani." Nikamwambia shikamoo, akaniambia marahaba bila kunitazama. Macho yake yalikuwa kwenye chetezo. Kilikuwa kinafuka moshi. Akaketi kwenye benchi kukikabili.

Nikamfungulia ukurasa wa sare. Akapitisha mpaka akafika namba kumi na nne, ambayo nimeandika pembeni mwake jina walilotaka: NADIRA, NENDA NA RADHI ZETU.

"Hii," akasema. "Damu ya mzee. Ndiyo niitakayo tangu Nadira yuko chuoni."

Mimi nikatazama skrini yangu. Damu ya mzee ni nyekundu iliyokolea; namba kumi na nne ni zambarau. Zambarau ya biringani, niliichanganya kwa mkono wangu.

"Samahani Bi Ummi, hiyo ni—"

Bi Mwanatabu akanikanyaga mguu. Si kwa bahati mbaya. Kanikanyaga akaendelea kunikanyaga.

"Damu ya mzee yenyewe," akasema. "Una jicho zuri, Ummi wangu."

Neno hilo "Ummi wangu" lilimfanya mgeni alegeze mtandio. Akanywa kahawa, akala kaimati mbili, akasema Nadira asioneshwe chochote, ni siri mpaka siku yenyewe. Alipoondoka Bi Mwanatabu alimsindikiza na mwavuli mpaka barabarani, akarudi amelowa na anatabasamu.

Nimejiambia watu wazima wana majina yao ya rangi. Lakini haijanikaa vizuri.

Jumanne, 22 Aprili

Mia mbili. Nimerudisha.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimemuuliza Bi Mwanatabu ana kwa ana. Nimemketisha mbele ya skrini yangu, si ya wageni. "Namba kumi na nne ni rangi gani?"

"Si ni damu ya mzee! Eddah, wewe huna mato?"

Kwenye skrini yangu! Kwa hiyo sasa ni watu wawili dhidi ya mmoja. Nikampigia Elkana. "Eddah, sasa pengine hiyo yako ndio imeharibika," akasema. "Wewe unasema ya wageni ni mbaya kwa sababu gani? Kwa sababu si yako." Nilitaka kumpiga na simu. Lakini nimekaa siku nzima natazama skrini yangu kama mtu aliyeambiwa mumewe ana mke mwingine.

Nina wasiwasi na vidole vya Bi Mwanatabu pia. Viwili vina plasta. Anasema ni mafuta ya maandazi.

Jumamosi, 3 Mei

Barabara ya Mtopanga imekuwa mto. Simu yangu imeanguka majini nikivuka, imekufa kabisa. Nimeazima kabambe ya shangazi, ya kupiga na kupokea tu. Wateja wawili, wote wameingia kujikinga mvua.

Rangi ya wageni imekolea. Si chai ya maziwa tena, ni chai ya rangi.

Ijumaa, 9 Mei

Kiwanda cha kuchapa, kule Changamwe, kimetuma picha ya kipande cha mfano kwa barua pepe. Nimeifungua. Kwangu: zambarau. Nimezunguka kaunta. Kwa wageni: damu ya mzee. Picha ile ile! Nikarudi. Zambarau. Nikazunguka. Damu ya mzee. Mwanamke mmoja aliyekuja kununua leso ya uzazi akaniuliza kama naumwa.

Nikamwita Bi Mwanatabu. Akainamia, akasogea mpaka pua inakaribia kugusa.

"Safi kabisa. Waambie wachape."

"Mama, tuwaombe watuletee kipande tukione kwa macho yetu."

"Watu wamejaa oda za Idd, tukichelewa siku moja tunarudishwa nyuma. Ummi amechagua, mimi nimeona. Wewe unabishana na nani?"

Nimewaambia wachape. Naandika hapa ili ijulikane kuwa nilisema.

Alhamisi, 15 Mei

Mia mbili. Sijarudisha. Na ibaki hivyo hivyo.

Ijumaa, 23 Mei

Elkana amejaribu yafuatayo: amezima ile hali ya usiku inayopunguza mwanga wa buluu, haikuwa imewashwa. Amesafisha kumbukumbu za kivinjari. Amefungua tovuti nyingine tano, ya magazeti, ya benki, ya feri. Zote kwa wageni zinaonekana kama zimepikwa. Amepiga chafya kumi na mbili, akasema kioo kimechoka, kikatupwe. Bi Mwanatabu akamuuliza na mtu akichoka naye hutupwa? Elkana akaomba radhi, akaaga bila kumaliza chai. Ni mara ya kwanza.

Bi Ummi anapiga simu kila jioni sasa. Nawasikia wanavyocheka. Jana walikuwa wanabishana ni nani kati yao aliyevunja birika la mama yao mwaka wa sabini na ngapi, na Bi Mwanatabu akakubali kuwa ni yeye. Ninachoomba ni leso zije sawa. Sina ombi lingine.

Alhamisi, 5 Juni

Zimekuja.

Gari la kiwandani limeshusha marobota matatu saa sita, mvua imekatika, jua kali. Nikachukua wembe nikapasua la kwanza nje, barazani, kwenye mwanga ambao hauna ubishi.

Zambarau. Zambarau ya biringani, doti sitini.

Harusi ni siku tisa zijazo, kiwanda kinafunga kwa Idd, hapana wa kuchapa upya. Nikageuka nimwambie Bi Mwanatabu, maneno nilishayapanga, na kwa kweli nilitaka kumwambia kwa ukali, kwamba nilisema, nilisema, nilisema! Yeye alikuwa ameshaichukua leso moja, ameikunjua juani, ameishika mbali, kisha karibu, kisha mbali.

"Mashallah," akasema. "Tazama damu ya mzee hiyo. Tazama, Eddah. Ummi atafurahi."

Hakuwa anatania. Uso wake ulikuwa na furaha kama ya mtoto. Ukali wote ukaniishia pale pale barazani.

Nikaingia ndani. Nikampigia Elkana kwa kabambe. "Niambie kweli. Nani anakuza ukurasa?"

Kwanza akajikohoza. Halafu: "Mama aliniuliza vile anaweza fanya maandishi yakuwe makubwa. Nikamwonyesha. Akaniapisha nisiseme. Anakuja mapema kabla yako anajisomea oda. Hiyo ya ukubwa nilijua, Eddah, nisamehe. Lakini ya rangi sijui, haki ya Mungu."

Miezi miwili naisonya kompyuta, kumbe namsonya mtu mzima aliyesimama mlangoni akinisikia.

Nikaenda kuketi kwenye benchi la wageni. Katika miaka mitatu sijawahi kuketi pale, mimi huchungulia nikaondoka. Nikaweka leso kando ya skrini. Nikaona kwenye kona nailoni imejikunja kidogo. Nikaivuta kwa ukucha. Chini yake palikuwa peupe, peupe kama kwangu. Nikatazama kidole: kahawia. Nikakinusa. Udi.

Udi! Miaka mitatu ya moshi, kila asubuhi, na mvua hizi mara mbili kwa siku, unapanda moja kwa moja kutoka kwenye chetezo, unaganda kwenye nailoni isiyoguswa na kitambaa. Hapakuwa na waya mbovu, hapakuwa na setingi, hapakuwa na chochote. Na yule mpumbavu akipiga chafya mbele yake mwezi baada ya mwezi! Na mimi mpumbavu mkubwa zaidi, ninayenukia udi huo huo mpaka kwenye nywele, nikiwahesabia watu vikombe vya chai.

Jumamosi, 7 Juni

Idd. Tumefunga. Bi Mwanatabu ameniletea nyumbani sahani ya pilau kama kila mwaka. Alipofika kwenye ngazi ya mlango alitafuta ukingo kwa ncha ya kiatu kabla ya kupanda. Ni lini ameanza kufanya hivyo? Sikuwahi kumtazama miguu.

Jumatatu, 9 Juni

Nimemwambia yote. Moshi, nailoni, zambarau. Na macho.

Hakukana. Alikaa kwenye benchi akikunja na kukunjua ncha ya mtandio. "Tangu mwaka jana," akasema. "Kama naangalia kupitia maji ya kahawa. Nikajua ni uzee."

"Twende hospitali."

"Baada ya harusi." Kisha akanishika mkono kwa nguvu. "Kesho Ummi akija, mwambie kosa ni la kiwanda. Mwambie kosa ni lako. Sema lolote, Eddah, lakini macho usimwambie. Atasema nimelipwa kwa kile chetezo."

"Mimi niseme kosa ni langu?"

"Nakuomba, mwanangu."

Nimemfanyia kazi miaka mitano. Hajawahi kuniomba, huamrisha tu. Nimekasirika mpaka nimelia, na sijui nimemkasirikia nani.

Jumanne, 10 Juni

Bi Ummi aliingia akitabasamu, kanzu mpya, mkononi ana bakuli la haluwa. Akaona marobota. Akaona leso ya juu. Haluwa akaiweka kaunta polepole.

"Hii nini?"

Bi Mwanatabu akapeleka mikono nyuma.

"Mwanatabu. Nakuuliza, hii nini? Nimekwambia damu ya mzee, umeniletea biringani. Siku nne zimebaki!" Sauti ikapanda. "Wallahi umekusudia. Umenichekea kwenye simu kila jioni, kumbe umenichimbia. Hata harusi ya mwanangu!"

"Kosa ni langu, Bi Ummi," nikasema. "Ni ile skrini. Njoo uone, tafadhali."

Nailoni nilikuwa nimeibandua nusu tu. Nikafungua namba kumi na nne. Upande wa kushoto zambarau, upande wa kulia damu ya mzee, leso moja ile ile. Nikampitisha kidole chake mwenyewe kwenye nailoni. Akakitazama, akakinusa, akatazama chetezo pale chini, baridi.

"Udi wa mama," akasema, si kwa ukali sana.

"Nilipaswa kuona mapema," nikasema. "Mimi ndiye mwenye kompyuta."

Nilidhani limepita. Lakini Bi Ummi si mtu wa kudanganywa na nusu skrini. Akamgeukia dada yake. "Sawa, mimi nilitazama kwenye moshi. Na wewe? Marobota ulipoyafungua juani hukuona?"

Bi Mwanatabu alikuwa amesimama wima, mikono nyuma. "Niliona damu ya mzee."

"Unanifanyia mzaha."

"Niliona damu ya mzee, Ummi."

Bi Ummi akaitwaa leso akaisogeza karibu na uso wa dada yake. "Hii?"

"Hiyo."

Akafungua mkoba, akatoa leso ya mkononi, buluu iliyokoza. "Na hii?"

Bi Mwanatabu akaiinamia. "Nyeusi."

Nje bodaboda ikapita ikirusha maji. Bi Ummi akaenda akamshika dada yake mikono, akaileta mbele, akaigeuza viganja juu. Akaona plasta. Akabandua moja. Si mafuta ya maandazi.

"Nani anakutilia makaa?"

"Natia mwenyewe."

"Kwa kupapasa?"

Machozi yalikuwa yanamtoka Bi Mwanatabu bila sauti. "Mama alinikabidhi mkononi," akasema. "Sikukuibia."

"Nyamaza, dada."

Dada! Miaka mitano nipo hapa, sijawahi kumsikia akimwita hivyo.

Bi Ummi akainama, akakichukua chetezo, akamwaga majivu nje, akakifunga ndani ya leso ya zambarau na kukitia kwapani. Nikafikiri, ndiyo basi, kakipata. Lakini mkono wa pili alikuwa amemshika Bi Mwanatabu.

"Nakichukua," akasema. "Na mwenyewe namchukua. Atakaa kwangu Likoni mpaka atazamwe macho na kutengenezwa. Eddah, funga duka, tubebee marobota."

"Na rangi, Bi Ummi?"

"Rangi gani?"

Jumatano, 11 Juni

Niko peke yangu. Nimebandua nailoni yote. Skrini zote mbili nyeupe, leso nne nne, namba zote zinaonekana. Elkana amekuja kutazama, hakupiga chafya hata moja. Kabla ya kufunga nimeurudisha ukurasa wa wageni kwenye mia mbili, na uko hivyo hivyo.

Jumapili, 15 Juni

Jana harusi, Likoni. Wanawake sitini wa zambarau uani kwa Bi Ummi, na chetezo katikati kinafuka. Bi Mwanatabu aliketishwa kando ya bibi harusi, na kila mgeni akija kumwamkia, Bi Ummi anamnong'oneza jina kabla hajafika.

Mama mmoja kutoka Bamburi, mwenye mdomo, akashika ncha ya leso ya Bi Ummi. "Zambarau yenu imependeza."

Bi Ummi akamtazama dada yake, kisha akamgeukia mgeni.

"Hii ni damu ya mzee," akasema. "Eddah, mwambie."

Nikasema ndiyo, mama, ni damu ya mzee.